Kujiona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majivuno yetu na ya wenzetu

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wanaolalamika juu ya mtu anayejiona, na wachache walioanza kujishuku wenyewe. Wa kwanza ni wengi mno kuliko wa pili, na hilo peke yake lingetosha kutushtua.

Kujiona maana yake nini hasa? Kuna tofauti gani na kujiamini?

Ukisema "yule anajiona", umemaliza. Hakuna atakayekuuliza anajiona nani wala anajiona vipi. Kila msikilizaji ameshaelewa. Kitenzi ni kile kile cha kuona tunachokitumia kwa mlima na kwa gari linalokuja, ila kimegeuzwa kikamtazama mwenyewe. Lugha haimlaumu mtu kwa kujipenda wala kwa kujua thamani yake. Inamlaumu kwa kuelekeza macho upande mmoja. Nitalishikilia wazo hili hadi mwisho, kwa sababu mengi yanayoitwa kiburi, ukiyachunguza, huanza kama kosa la macho kabla hayajawa kosa la roho.

Anayejiamini naye anajijua, lakini bado ana nafasi ya kuwaona walio pembeni. Utamtambua pale anapoulizwa asichokijua. Atasema, "Hilo silijui, muulize fulani." Anayejiona atajibu, tena kwa kirefu.

Kiburi, maringo, majivuno, dharau: si kitu kimoja?

Ni ndugu, lakini hawalali chumba kimoja. Mwenye maringo anataka aonekane: mwendo wake, nguo zake, simu yake iliyowekwa juu ya meza. Mwenye majivuno anataka asikike, na habari za alichofanya zitakufikia utake usitake. Mwenye kiburi haambiliki. Mwenye dharau anakushusha wewe ili yeye apande. Inafaa kuyatenganisha kwa sababu dawa zake hazifanani. Mtu wa maringo matupu, asiye na dharau, mimi namwacha aringe, hanidai, simdai. Wa kuhangaika naye ni yule asiyeambilika, hasa akiwa na madaraka.

Mimi sijioni. Bado kuna linalonihusu hapa?

Lipo. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson alichapisha majibu ya madereva wa Marekani na Uswidi aliowataka wajilinganishe na wenzao walioshiriki utafiti. Kwa ustadi wa kuendesha, asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka katika nusu ya walio bora. Waswidi walikuwa na haya kidogo: asilimia 69. Lakini nusu ni nusu, na watu 93 hawaenei kwenye viti 50. Wala sidhani walikuwa wanadanganya. Kila mmoja anakumbuka breki alizowahi kuzikanyaga kwa wakati.

Inayonifundisha zaidi ni kazi ya Michael Ross na Fiore Sicoly ya mwaka 1979. Waliwauliza mume na mke, kila mmoja kivyake, ni kiasi gani cha mambo ya nyumbani kinatokana na yeye. Majibu ya wawili yalipojumlishwa, mara nyingi yalizidi mia. Hapo utasema, si ndiyo kujisifu kwenyewe! Lakini walizidisha hata kwenye mambo mabaya, kama nani huanzisha ugomvi, na hakuna anayejisifia kuanzisha ugomvi. Kila mmoja alikuwa na kumbukumbu tele za aliyoyafanya mwenyewe kwa sababu alikuwepo yalipofanyika. Sahani ulizoosha wewe unazikumbuka moja moja, na baridi ya maji vidoleni. Alizoosha mwenzako ulizikuta zimeshakauka kabatini.

Kwa nini nisipotajwa inaniuma kiasi hiki?

Niliwahi kuandaa ripoti na mwenzangu mmoja kazini. Siku ya kuiwasilisha, mkuu wetu alisimama akamshukuru yeye kwa jina, mimi nikaingia kwenye "na wote waliosaidia". Nilipiga makofi kama wengine huku masikio yanawaka moto. Siku tatu nikawa mtu wa "sawa" na "haya", majibu ya neno moja, nikisubiri mwenzangu aniulize nina nini. Hakuuliza. Siku ya nne nikafungua faili la majedwali kutafuta takwimu fulani, nikaona kwenye historia ya masahihisho jina lake: saa saba usiku, saa nane na robo usiku, saa kumi alfajiri. Usiku mmoja, wa pili, wa tatu. Mimi majedwali hayo nilikuwa nikiyakuta tayari kila asubuhi, na sikuwahi kujiuliza yanajipanga vipi.

Kuumia kwangu hakukuwa kwa bure. Nilifanya kazi, na mkuu angeweza kunitaja. Ila niliumia kama mtu aliyeandika ripoti nzima peke yake, na mimi sikuiandika peke yangu. Kwa hiyo ukiumia usijikaripie. Kwanza angalia kama kuna haki uliyonyimwa. Ikiwa ipo, mwendee mhusika ungali mtulivu, na sentensi moja inatosha: "Sehemu ya pili niliiandika mimi, naomba ijulikane." Kisha ujiulize hesabu yako umeipata wapi, na kama umewahi kuchungulia upande wa meza ya mwenzako.

Mimi ni mtu wa aibu. Nikiingia mahali nahisi wote wananitazama. Nitakuwaje najiona?

Samahani kwa nitakachosema, lakini aibu na maringo huchota kisima kimoja. Mwenye maringo anaamini wote wanamtazama, anafurahi. Mwenye aibu anaamini wote wanamtazama, anatamani ardhi ipasuke. Imani ni ile ile.

Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili mwaka 2000. Mwanafunzi wa chuo alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa pale asingeivaa kwa hiari, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Alipotolewa aliulizwa wangapi wameona picha ni ya nani. Wavaaji walikadiria karibu nusu. Walioiona walikuwa karibu robo tu. Mapema zaidi, mwaka 1967, David Elkind alieleza jinsi vijana wa balehe wanavyoishi kana kwamba wako mbele ya hadhira ambayo haipo. Wengi tunapita balehe na hadhira ile tunaondoka nayo. Ukiingia tena mahali ukaona joto linapanda usoni, tafuta jambo moja la kuangalia kwa mtu mwingine: nani amekaa peke yake, nani amebeba mzigo. Macho yakipata kazi nje, joto hushuka.

Nianzie wapi kujipunguza?

Ningependa uliache hilo neno kujipunguza. Mtu anayejikunja ili aonekane mdogo bado yuko mbele ya kioo. Kinachosaidia ni kuongeza unachokiona.

Kazi ikiisha vizuri, kabla hujamsimulia mtu, andika majina ya wote walioigusa, na uandike kwenye karatasi kwa sababu kichwani utajipendelea. Aliyekupa namba ya simu. Aliyekuja mapema kufungua mlango. Aliyeikataa rasimu ya kwanza ukamchukia. Orodha huanza na majina mawili kisha ikakataa kuisha. Mimi hufika la saba ndipo namkumbuka aliyenikasirisha, na mara nyingi ndiye aliyeniokoa.

Kikaoni, ukisikia hoja imekufika kooni, mwache mtu mmoja zaidi azungumze kabla yako. Utashangaa ni mara ngapi ataisema hoja yako, tena vizuri kuliko ulivyoipanga. Itauma kidogo.

Tena fungua jumbe zako ndefu za wiki hii uhesabu "mimi". Kiswahili kinatuumbua hapa. Lugha yetu imeshaweka nafsi ndani ya kitenzi: "nilikwenda" inatosha. Anayesema "mimi nilikwenda, mimi niliongea nao, mimi ndiye niliyewaambia" amejiongeza mara tatu bila kuombwa. Wakati mwingine msisitizo unahitajika, sikatai. Lakini hesabu.

Ukiwa na hasira ya kudharauliwa, jisemeshe kwa jina lako, kama unavyomsemesha rafiki: "Fulani, nini hasa kimekukasirisha?" Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wanaojisemesha kwa jina badala ya "mimi" hukabili msukosuko kwa utulivu zaidi. Inachekesha mara ya kwanza. Fanya kimoyomoyo.

Na kama umepanda cheo, wahenga walishasema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Shika kazi moja ya ubaharia uifanye kila wiki, iwe kuandika kumbukumbu za kikao au kupanga viti. Usiipige picha.

Nikijitahidi sana, si nitaanza kujivunia unyenyekevu wangu?

Utaanza. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alipokuwa bado kijana aliorodhesha tabia njema 12 za kujifunza. Rafiki yake wa dhehebu la Quaker akamwambia kwa upole kwamba watu wanamwona ana kiburi, akampa mifano. Franklin akaongeza ya 13, unyenyekevu. Uzeeni alikiri kwamba hata kama angefikiri amekishinda kiburi kabisa, pengine angejivunia ushindi huo.

Kilichomfaa ni kubadili maneno. Aliacha "hakika" na "bila shaka", akashika "naona hivi" na "kwa sasa inaonekana", na akagundua mazungumzo yanakwenda vizuri zaidi na watu wanayapokea maoni yake bila ubishi mwingi. Angalia pia kwamba habari ya kiburi chake aliletewa. Nyani haoni kundule. Kama huna hata mtu mmoja anayeweza kukuambia "hapo umezidisha" ukamsikiliza, mtafute kabla ya kutafuta mbinu nyingine yoyote.

Basi nijidharau, niwe salama?

Hapana. "Mimi si kitu, mimi sijui lolote" nayo ni hotuba juu yako, na anayeisikiliza analazimika kuacha shughuli zake akubembeleze. Ukisifiwa kwa kazi uliyoifanya, sema "asante, nimefurahi", kisha endelea na mazungumzo.

Bosi wangu haambiliki. Nifanyeje?

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, Hispania, ukungu umetanda, ndege mbili aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Rubani mkuu wa moja, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lake, alianza kuikimbiza ndege kabla hajaruhusiwa kuruka. Mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma yake akauliza kama ile ndege nyingine haijatoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuuliza tena. Ndege zikagongana, wakafa watu 583.

Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo ukungu na maneno ya redio yaliyoingiliana, na si haki kumbebesha mtu mmoja vifo vyote hivyo. Linalonikaa moyoni ni lile swali lililoulizwa mara moja tu. Ajali hiyo na nyingine za miaka ile zilifanya usafiri wa anga uanze kuwafundisha wadogo kusema mara ya pili na wakubwa kusikia mara ya kwanza; NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha mkutano juu ya suala hilo mwaka 1979. Hospitali zikafuata. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mwaka 2008, ina vipengele 19, na kimoja kinawataka wote waliomo chumbani wajitaje jina na kazi kabla ya kisu kugusa ngozi. Aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja haoni tabu sana kuipaza tena.

Kwako wewe, mfuate faraghani. Mbele za watu atakuwa analinda cheo, na hapo hata ukweli ataukataa. Zungumzia kazi, tabia yake iache: "Bosi, mzigo huu haujakaguliwa. Ukitoka hivi utarudishwa. Naomba nusu saa." Akikupuuza, rudia mara moja kwa maneno mengine. Akikataa tena, andika ujumbe mfupi wa kumbukumbu, tarehe iwepo. Na kama wazo lako jema ataliita lake, pima. Jambo dogo mwachie apande nalo. Likigusa mshahara wako au jina lako kwenye kazi, usiliache.

Kuna mtu anajua kidogo anaongea sana. Kwa nini haoni?

Kwa sababu kipimo cha kujua hujui kimetengenezwa kwa ujuzi ule ule anaoukosa. Justin Kruger na David Dunning mwaka 1999 walieleza majaribio ambamo robo ya watu waliofanya vibaya zaidi walikuwa, kwa wastani, wamewapita 12 tu katika kila watu 100, huku wenyewe wakidhani wamewapita 62. Wapo wanaobishana juu ya namna ya kuzisoma hesabu hizo. Mimi nashikilia kipande kinachosahaulika: waliopewa mafunzo mafupi walianza kujipima vizuri zaidi. Kwa hiyo mtu kama huyo mpe sehemu ya kazi aifanye kwa mikono yake. Kazi itamweleza yale ambayo wewe ungemweleza akanuna.

Rafiki yangu ni mtu wa tambo. Kila ninachosema, yeye amefanya kikubwa zaidi.

Kosa la kwanza ni kushindana naye; mtakesha. La pili ni kumnyamazia, maana ukimya anausoma kwamba hajaeleza vya kutosha, anaanza upya kwa sauti ya juu. Jaribu kumsikiliza kikamilifu mara moja. Alisema amemaliza kozi? Muulize kipi kilikuwa kigumu, msubiri ajibu, mpongeze kwa hicho. Wengi hutulia, kwa sababu tambo nyingi ni njaa. Lakini usizidishe; mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya hapo rudisha mazungumzo: "Sasa nisikilize na mimi kidogo." Sema hivyo hivyo, bila kukunja uso. Rafiki atacheka na kunyamaza. Asiyeweza kukusikiliza hata baada ya kuombwa mara kadhaa, mpunguzie saa zako.

Nimpige kijembe mbele za watu ashike adabu?

Utachekesha watu, na yeye ataongeza ukuta. Kesho atakuja amejitutumua maradufu.

Nahudumia wateja. Nimjibu nini anayeniambia "Unanijua mimi ni nani?"

"Bado, naomba jina lako nikuhudumie." Iseme kwa uso wa kawaida kabisa, kalamu mkononi. Anayeuliza hivyo mara nyingi ameogopa kwamba hatahudumiwa. Akiona jina lake linaandikwa, hushuka.

Mtoto wetu tunamwambia yeye ni bora kuliko wenzake. Tunamharibu?

Hiyo sehemu ya "kuliko wenzake" iondoeni. Eddie Brummelman na wenzake waliwafuatilia watoto 565 wa Uholanzi wenye umri wa miaka 7 hadi 11, matokeo yakatoka mwaka 2015. Watoto ambao wazazi wao waliwaona ni wa pekee kupita wengine walielekea baadaye kujiona. Waliopewa upendo wa kawaida, wa kukumbatiwa na kufurahiwa, walielekea kujithamini bila kuhitaji wa kumzidi. Kwa hiyo wingi wa mapenzi haumharibu mtoto. Mwambieni "nimependa ulivyorudia hesabu ile mpaka ikakaa", na siku akishindwa, mapenzi yasipungue hata chembe. Msisahau kwamba anawasikia mnapomsema mwalimu wake na dereva wa basi.

Lini hali hii inakuwa ugonjwa?

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliingiza tatizo la haiba la kujikweza kupita kiasi mwaka 1980. Toleo la mwaka 2013 linataja dalili tisa, na angalau tano zinahitajika, tena ziwe za kudumu na zenye kuvuruga maisha. Uamuzi huo ni wa mtaalamu aliyekaa na mtu huyo. Siku hizi jina hili linabandikwa kwa kila mchumba aliyeondoka, na halisaidii.

Liache jina kwanza, uangalie unavyotendewa. Mtu anakudhalilisha, anakutenga na ndugu zako, anakutisha, anakupiga, anakulaumu wewe kwa hayo yote? Hapo si suala la kudhibiti majivuno ya mtu. Ni suala la usalama wako. Mwambie unayemwamini, panga kuondoka na msaada karibu, na usikae ukingoja abadilike ndipo uwe salama.

Nikianza leo, nitaona mabadiliko lini?

Hutaamka siku moja ukajiona mnyenyekevu, na ukijiona hivyo rudi kwenye jibu la Franklin. Kuna majuma utarudi nyuma kabisa, hasa ukiwa umechoka au umetoka kusifiwa. Kwangu dalili ya kwanza ilikuwa ndogo hata nikaidharau. Nilitoka kikaoni, mtu asiyekuwepo akaniuliza kulisemwa nini, nikajikuta namweleza hoja za watu watatu kwa majina yao. Nilikuwa nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba siku hiyo na mimi nilizungumza.